Hodi ya Mlango wa Jikoni

"Tanta, mbona unapiga hodi kwenye nyumba isiyo na mtu?"

Ndivyo nilivyomuuliza Tanta Ersi, maana kwetu kila mama mtu mzima huitwa Tanta, nilipokuwa darasa la tatu, siku shule yetu ilipopelekwa kuitazama Nyumba Kubwa ya Santa Delfina. Tulikuwa tumepangwa mstari uani, jua la Bandabou, upande wetu wa kisiwa, likituchoma utosini, na mwalimu alikuwa bado anatusomea makatazo: usiguse, usikimbie, usitafune. Yule mama mwembamba mwenye kitambaa cheupe kichwani akapita mbele yetu na kishada cha funguo. Badala ya kufungua, aligonga mlango wa jikoni kwa kifundo cha kidole, akainamisha kichwa, akasikiliza. Kisha ndipo akatia ufunguo.

Darasa zima lilicheka swali langu, na mwalimu akanikata jicho. Tanta Ersi hakucheka wala hakukasirika. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa njia ya kwenda mahali asikopenda kwenda, akasema, "Ingia, mtoto, jua kali." Jibu akabaki nalo.

Habari yake niliipata vipande vipande, vingine kwa bibi yangu, ambaye kati ya ua wake na ua wa Tanta Ersi kuna mstari wa dungusi tu, na vingine, baadaye sana, kwa mwenyewe.

Ersilia, ndilo jina lake kamili, alizaliwa katika nyumba ile, ila si upande unaopigwa picha. Wageni hupiga picha kwa mbele: ngazi mbili zinazopanda kila upande na kukutana juu kama mikono iliyofumbatwa, baraza lenye nguzo, kuta za rangi ya kiini cha yai, na mlango mkubwa wa kijani unaoukabili upepo. Yeye alizaliwa nyuma ya jiko, katika chumba cha kitanda kimoja na dirisha moja dogo lililotazama zizi la mbuzi, na ng'ambo ya zizi, mabwawa ya chumvi. Mama yake, Rosenda, alikuwa mpishi wa nyumba ile kama mama yake Rosenda kabla yake. Ukirudi nyuma zaidi hukuti tena wapishi, unakuta watu waliohesabiwa pamoja na mbuzi.

Wenye nyumba wote waliitwa Shon. Bwana alikuwa Shon, bibi alikuwa Shon, na hata mtoto mchanga aliitwa Shon na mwanamke yule yule aliyekuwa akimnyonyesha. Neno hilo bado liko vinywani mwa wazee wetu. Hutoka lenyewe, kama chafya.

Rosenda hakuwa na kitu chake mle ndani isipokuwa ukuta. Jiko la nyumba zile hupakwa rangi nyekundu, kisha hutiwa madoa meupe kila mahali, eti nzi wakiyaona hupata kizunguzungu na kwenda zao. Kila mwaka kabla ya Noeli Rosenda alichovya ncha ya kidole kwenye chokaa akayatia madoa upya, safu kwa safu, na Ersilia akimshikia kopo.

"Mama, nzi kweli wanaona kizunguzungu?"

"Hao nzi sijui. Mimi ndiyo naona."

Kisha wakacheka wote wawili, kimya kimya, maana kicheko cha jikoni hakikutakiwa kufika sebuleni.

Mwaka ambao binti mkubwa wa nyumba aliolewa, Rosenda alikuwa akikohoa tangu Kwaresima. Ersilia ndiyo kwanza alikuwa anavunja ungo. Siku moja kabla ya harusi, mchana, keki ikiwa mezani haijapakwa sukari na mbuzi wa mchuzi wakiwa sufuriani, Rosenda aliweka mwiko chini, akasema anakwenda kunyoosha mgongo kidogo. Dada yake, Bibiana, aliyekuja kusaidia kazi za harusi, alipomfuata na kikombe cha maji alimkuta ameshanyooka moja kwa moja.

Shon Mina, bibi mwenye nyumba, aliitwa. Alisimama mlangoni mwa kile chumba na vibanio bado vimo kichwani.

"Nani mwingine anajua?"

"Mimi na mtoto, Shon," alisema Bibiana.

"Basi asijue mwingine. Kesho watu wanatoka mjini Willemstad, mpaka wakubwa wa serikali. Nitamwambia nini bibi harusi? Kwamba jikoni kuna maiti? Rosenda mwenyewe angeelewa."

"Matanga, Shon? Siku nane…"

"Matanga mfanye kwako. Mungu hana anwani moja."

Wakamtoa kwa gari la punda, akiwa amefunikwa turubai, na juu ya turubai magunia mawili ya makaa ili asionekane umbo. Ersilia alikaa nyuma akiyashikilia magunia yasimwelemee mama yake. Kwenye kona ya barabara walipishana na motokaa ya wageni waliowahi harusi. Mabibi wa mjini wakawapungia mikono kwa furaha, wakidhani wamewaona watu wa shamba wakienda sokoni. Bibiana naye akawapungia.

Kwetu matanga huwekwa pale mtu alipokatia roho. Altare ndogo hupangwa, kioo hufunikwa, na kwa siku nane majioni watu husali rozari, hunywa kahawa na kusimuliana hadithi za Nanzi buibui ili wafiwa wasizame. Jioni ya mwisho altare hubomolewa, vitu huhamishwa, kisha dirisha la chumba kile hufunguliwa wazi, aliyekufa apite. Dirisha, si mlango. Mlango ni wa anayetoka na kurudi; dirisha ni la asiyerudi.

Bibiana alipanga altare katika kibanda chake kilichoezekwa mabua ya mahindi. Jioni ya nane, mzee msalishaji aliweka mkono kwenye komeo la dirisha, akauliza kama ilivyo desturi, "Alikata roho katika chumba hiki?"

"Hiki hiki," alisema Bibiana.

Ersilia alitazama vidole vyake vya miguu. Dirisha likafunguliwa, na upepo, badala ya kutoka, uliingia. Uliingia kwa kishindo, ukazima mshumaa na kuwatupia watu vumbi la mabua machoni. Bibi kizee mmoja pembeni akaguna, "Mh!" Kisha akaomba kahawa.

Watu walipoondoka, mtoto alimfuata Bibiana uani.

"Tanta, mama hakufia hapa."

"Ulitaka niseme nini mbele ya watu? Kwamba dada yangu alitolewa chini ya makaa kama mzigo wa wizi? Nyamaza."

"Sasa atatokaje?"

Bibiana aliendelea kusuuza vikombe. Mwishowe akasema bila kugeuka, "Kesho unarudi kule. Shon ameagiza ushike jiko. Basi wewe ndiye utakayekuwa kule. Mfungulie."

Neno lile moja, mfungulie, ndilo lililompa Ersilia kazi ya maisha yake yote. Kazi ya Shon ilikuwa ya mikono tu.

Asubuhi aliporudi alikuta mlango wa jikoni umefungwa. Alipotaka kuusukuma, moyo ulimwambia kwamba ndani kuna mtu ambaye hajui kama amekwisha kufa vizuri, na si adabu kumwingilia ghafla. Akagonga. Akasikiliza. Akaingia. Tangu siku hiyo hakuiacha hodi ile.

Dirisha lenyewe alilifungua, bila shaka. Lakini dirisha bila sala ni hewa tu. Zilitakiwa siku nane, altare na watu wa kuitikia, na Shon Mina hakutaka kusikia rozari ya watumishi chini ya paa lake. Ersilia akaamua kungoja. Mwaka wa pili yake akina Shon wangekwenda Uholanzi kutembea, na nyumba ingebaki na wenyewe wa nyuma.

Hakufika huko. Watoto wa Bibiana walikuwa na njaa, na makoko ya funchi, ugali wetu wa mahindi, yaliyobaki sufuriani, ambayo yangekwenda kwa nguruwe, Ersilia aliyafunga kwenye kitambaa akawapitishia dirishani. Shon Mina akamfuma. Hakumpiga wala hakumfukuza. Alimwita fundi. Mawe ya matumbawe yakapangwa dirishani, udongo ukasindiliwa, plasta ikapita juu, na Ersilia ndiye aliyeambiwa amchotee fundi maji.

"Haya," alisema Shon Mina, "sasa kaa na giza lako."

Alikaa nalo. Kijana mmoja wa kiwanda cha mafuta mjini alikuja kumposa, akiwa na viatu vyenye kung'aa na ahadi ya chumba chenye umeme. Ersilia alimpenda, bibi yangu anasema alimpenda mpaka alikuwa akiunguza wali. Lakini alipoambiwa afungashe, alisema, "Siwezi kuiacha nyumba hii."

"Nyumba ya Shon? Inakuhusu nini? Au kuna mtu humo?"

Ersilia akarudi kwenye sufuria zake. Kijana akaondoka akiamini kuna mwanamume mwingine. Alikosea kuhusu mwanamume tu, mtu alikuwepo.

Akina Shon wakazeeka, wakapungua, wakahama. Shon Mina alifia Uholanzi, hospitalini, mahali ambapo nasikia madirisha hayafunguki kabisa. Nyumba ikabaki na popo, kisha ikachukuliwa na taasisi, ikapigwa rangi upya, ikawa jumba la makumbusho. Ersilia alipewa funguo, fagio na sare yenye jina lake kifuani. Ungedhani sasa saa yake imefika. Lakini taasisi ilikuwa na sheria moja kuu: nyumba ibaki kama ilivyokutwa. Na ilikutwa haina dirisha.

Kwa hiyo alifagia. Alifuta vumbi kwenye sahani za watu waliomtuma. Watalii walisimama mbele ya ukuta mwekundu wa jikoni, wakaambiwa habari ya nzi, wakacheka. Nimewahi kuyakazia macho madoa yale mpaka ukuta ukaanza kunielekea, na hapo nikaona kwamba hayalingani: mengine ni makubwa, mengine yamevutwa kidogo upande, kama kidole kilichochoka. Chumba cha nyuma kilikuwa stoo ya mafagio. Kila asubuhi hodi, kila asubuhi sikio.

Rudsel, mkata tiketi, aliifanya hodi hiyo mzaha wa kuanzia siku.

"Tanta, leo wamesema nini?"

"Wamesema shati lako halijapigwa pasi."

"Wakikujibu kweli siku moja, tafadhali niite. Lakini niite kwa mbali, nipate nafasi ya kukimbia."

"Kwa tumbo hilo? Utakamatwa getini."

Wakati huo meneja alikuwa Bi Suzette, mwanamke mwema wa kutoka mjini, anayevaa hereni kubwa na kukumbuka siku za kuzaliwa za watu. Tanta Ersi alimwambia mara moja tu, kwa mbali, kama anayezungumzia hali ya hewa, kwamba chumba kile kilikuwa na dirisha.

"Naamini, Tanta. Liliondolewa kwa nini?"

"Shon hakulipenda."

Bibi yangu alimgombeza: "Mweleze huyo mama, ana moyo!" Naye akajibu, "Ana moyo, lakini ana na vibao. Nikimwambia, kesho mama yangu yuko ukutani kwa lugha nne, na mishale."

Halafu, mwaka ambao Tanta Ersi alikuwa astaafu, ndipo Bi Suzette alipokuja jikoni anang'aa. Taasisi imekubali nyumba ieleze na habari za watumishi. Stoo itageuzwa chumba cha mpishi, kama kilivyokuwa. Ukuta utavunjwa, dirisha lirudi.

"Nimekukumbuka wewe, Tanta. Si uliniambia?"

Tanta Ersi alishika ukingo wa meza. "Lini?"

"Wiki ijayo mafundi wanamaliza."

Jioni ile alivuka ua wa dungusi, akaketi jikoni kwa bibi yangu, na akasema yote aliyoyanyamazia. Nilikuwa nafanya hesabu za shule mezani; hakuna aliyenifukuza. Aliomba jambo moja. Bibi yangu anajua sala za matanga. Je, angeweza kuja kila jioni, baada ya wageni kuondoka na kabla ya geti kufungwa?

"Mama yako ana miaka mingapi tangu afe, Ersi?"

"Ndiyo maana naharakisha."

Tulisali siku saba tukiwa watatu, Tanta Ersi, bibi na mimi wa kuitikia, tumebanana kati ya ndoo na mafagio. Altare ilikuwa kiti, mshumaa na bilauri ya maji. Mafundi walikuwa wakifanya kazi kwa nje mchana, na ukuta ulikuwa umefunikwa kwa nailoni. Kila jioni Tanta Ersi aliuweka mkono wake kwenye nailoni ile kama mtu anayepima homa. Sikumjua kuwa mzungumzaji, lakini siku hizo alizungumza. Alisema mama yake alikuwa anapenda ukoko wa funchi ulioungua kidogo. Alisema kwamba hakumbuki tena sauti yake, anakumbuka kikohozi tu.

Jioni ya nane tulimkuta Bi Suzette anatungoja. Nailoni ilikuwa imeondolewa. Mafagio hayakuwepo. Palikuwa na kitanda cha zamani kilichotandikwa, sanamu ya mwanamke mweusi asiye na sura, aproni kiunoni, na juu ya kitanda, dirisha. Mwanga wa machweo uliingia mwekundu, ukalala juu ya mto.

"Ndilo hilo?" aliuliza Bi Suzette.

"Ndilo," alisema Tanta Ersi. Akasogea. Akapapasa ukingo wa kulia, akapapasa wa kushoto, akapapasa chini. "Komeo liko wapi?"

"Halina komeo, Tanta. Ni kioo kizima, halifunguki. Chumvi ya baharini ingeingia ikala vitu vyote. Lakini tazama, unaona mpaka mabwawa!"

Tuliona mpaka mabwawa. Bibi yangu akafungua mdomo aseme, na Tanta Ersi akamgusa mkono.

"Asante, Suzette," alisema. "Umefanya kazi nzuri. Nenda, nitafunga."

Bi Suzette alipoondoka, Tanta Ersi alikaa chini, sakafuni, mgongo kwenye kitanda. Sikuwahi kumwona amekaa ndani ya nyumba ile. Bibi yangu alianza sala ya mwisho kwa sababu hakujua afanye nini kingine. Tulipomaliza, Tanta Ersi alibomoa altare mwenyewe: akamwaga maji, akageuza kiti. Kisha akachukua mshumaa unaowaka na funguo zake, akatoka.

Hakuelekea mlango wa jikoni. Alipita chumba cha kulia, akapita sebule, kiganja chake kikiukinga moto, akinong'ona, "Huku, mama. Huku. Kuna ngazi hapa, inua mguu." Alikwenda mpaka mlango mkubwa wa kijani, ule wa wageni, na kuanza kuondoa makomeo.

"Ersi," bibi alisema, "mlango ni wa kurudi."

"Mlango alioujua. Huu hakuwahi kuupita hata siku moja. Asiyeujua mlango hawezi kurudi nao."

Rudsel alikuwa chini getini, akaona mabawa ya mlango yanatikisika. "Tanta! Mlango wa wageni huo, umechanganyikiwa?" Akakimbia mpaka mguu wa ngazi. Pale alimwona alivyosimama na mshumaa, akavua kofia yake, na kwa mara ya kwanza sikumsikia akitania.

Tanta Ersi akafungua mabawa yote mawili.

Upepo uliingia. Nyumba ile ilijengwa imeukabili, ungefanya nini kingine? Uliingia wote, ukazima mshumaa, ukapandisha mapazia ya sebule mpaka darini, ukagongagonga milango ya ndani mmoja baada ya mwingine hadi jikoni. Tanta Ersi alisimama kizingitini, gauni limemganda miguuni, akitazama nje ambako giza lilikuwa linaanza kuziba ngazi. Alingoja. Sijui alikuwa anangoja kuona nini. Mimi sikuona kitu. Mwishowe Rudsel alipanda taratibu, akamsaidia kufunga, maana peke yake hakuushinda ule upepo.

Alibakiza majuma machache ya kazi. Asubuhi iliyofuata, nikienda shule, nilipita njia ya Nyumba Kubwa kwa makusudi. Nilitaka kujua. Nilimkuta mbele ya mlango wa jikoni na funguo mkononi, na kabla sijamwamkia aliinua kifundo cha kidole, akagonga, akainamisha kichwa.

"Tanta," nikasema, "mbona bado unapiga hodi kwenye nyumba isiyo na mtu?"

Safari hii hakunitazama. Sikio lake lilikuwa karibu na mbao.

"Wewe unasema haina mtu," alisema. "Mimi hilo ndilo ninalouliza."